Gitaa Lililooteshwa Moto Newala

Nakumbuka siku ile ukungu ulivyoifunika Newala, mwanangu, na wala si siku ninayopenda kuikumbuka. Mwingereza alikuwa bado anatutawala. Mimi nilikuwa seremala kijana, ufundi nimejifunzia misheni kule Lulindi, na rafiki yangu Hilari alikuwa amerudi kutoka mashamba ya mkonge Tanga na gitaa la jazi. Gitaa zuri, jamani! Tumbo limebinuka, matundu mawili yamejikunja huku na huku. Lakini ngoma zikianza, sauti yake inamezwa yote.

Kwa hiyo alikuja na pikapu, kile kidude cha sumaku kinachonasa mtikisiko wa nyuzi na kuupeleka kwenye kipaza sauti. Akataka nitoboe tumbo la gitaa nikipachike humo. Nikamwambia, "Thubutu! Ukitoboa hapo umeliua." Nikakifunga kwa kibati mwishoni mwa shingo, kikaning'inia chini ya nyuzi bila kugusa ubao. Waya tukauunga kwenye kipaza sauti cha betri ya gari. Alipolijaribu asubuhi, akina mama sokoni waliacha kupima mihogo wakasogea.

Jioni ile kiongozi wa bendi moja ya Lindi alikuwa anakuja dansini kumsikiliza. Akimpenda, anamchukua. Asipompenda, Hilari anarudi kukata mkonge, na kifua chake kilishaanza kumsumbua.

Mchana tukaenda kula, gitaa tukamwachia mjomba wake, Mzee Nantimba, mpiga ngoma. Kwetu sisi Wamakonde unajua mjomba ni nani: ndiye mwenye wewe. Mzee akaona ubao umeingia unyevu wa ukungu. Akafanya alichozifanyia ngoma zake maisha yake yote: akawasha nyasi kavu, akaliotesha gitaa moto ili likaze sauti. Gundi ikalegea. Tuliporudi, tumbo limeachana na mbavu.

"Nimelipasha tu, mpwa wangu," mzee akasema. "Ukungu ulikuwa umelilegeza."

Watu wa dansi walikwisha kuanza kufika. Hilari akamwambia mbele yao wote, "Mjomba, wewe ni mchawi. Hukutaka nitoke."

Mungu wangu! Nikamshika mkono, nikamsihi alifute neno lile palepale. Akanisukuma.

Yule wa Lindi akaondoka bila kusikia kitu, na Hilari akarudi Tanga. Neno akatuachia sisi. Watu wakaacha kumwita mzee kwenye ngoma. Watoto wakakatazwa kula kwake. Mwishowe akahamia kibandani shambani, kule bondeni, peke yake. Kila nikimpelekea unga, kabla hata sijaketi ananiuliza, "Hilari hajambo?" Nami nasema hajambo, wakati sijui lolote. Wengine waliojua kabisa kwamba mzee hana hatia walinyamaza, na mpaka leo nikiwafikiria nakasirika.

Hilari aliporudi, amekonda, anakohoa, mzee alikwisha kuzikwa. Gitaa nilikuwa nimelitengeneza siku nyingi. Kazi ya gundi na vibano tu, mwanangu, hata haikunisumbua. Akapiga uzi mmoja, sauti ikatoka safi kabisa. Akanirudishia, akaenda kukaa kaburini mpaka giza likaingia, akimwomba msamaha mtu asiyeweza tena kumjibu.

Basi nisikilize. Mtu wako akikuharibia kitu kwa sababu anakupenda, lia. Piga ukuta teke. Nenda porini ukapige kelele mpaka uchoke. Lakini usimpachike jina ambalo watu watabaki nalo ukishaondoka. Kilichovunjika kilete kwangu, nitakitengeneza. Jina baya siliwezi, wala simjui fundi anayeliweza.

Mungu akupe subira siku utakayokasirika, mwanangu, na akuachie wajomba zako hai mpaka utakapowafikia kuwaomba radhi.