Gauni la Darasa la Nne

Mke wangu ni fundi wa sare za shule, na mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Mimi naitwa mume wa Mama Pindo; jina langu mwenyewe walishalisahau. Zamani nilikuwa dereva wa lori, mgongo ukanikataa, na sasa nashona vifungo na kupiga pasi kwenye kibanda chetu cha mabati karibu na lango la shule. Anayetaka kucheka acheke. Kifungo nilichoshona mimi hakitoki, labda kitoke na kipande cha nguo.

Mama Pindo hana masihara na kazi. Kila nguo ya mtoto huiachia pindo la kiganja kizima, maana mtoto hukua hata akilala, na mshahara wa baba yake haukui. Mzazi akilalamika kwamba gauni ni kubwa, jibu ni moja tu: "Atakulia humo humo."

Hata kanuni ya sare iliyobandikwa nje ya ofisi ya mwalimu mkuu ilitoka kinywani mwake. La kwanza hadi la nne: wasichana gauni la kipande kimoja lenye mkanda wa kufungwa mgongoni, wavulana kaptula. La tano kwenda juu: sketi na blauzi, na kwa wavulana suruali ndefu. Alimweleza mwalimu mkuu hivi: mtoto mdogo hajui kuchomekea, na goti la ngozi likichubuka hupona lenyewe, ila goti la suruali linamtaka fundi. Mwalimu mkuu alicheka, akaandika. Miaka ikapita bila neno, kwa sababu waliokuwa la nne walikuwa watoto wadogo kweli.

Ndipo akaja kuishi kwetu mpwa wangu, binti wa dada yangu. Ana miaka kumi na minne. Mguu ulimweka nje ya shule muda mrefu, leo hospitali, kesho hospitali, na ulipopona wenzake walikuwa wameshamwacha mbali. Shule ikampokea, ikampa mtihani, ikamweka la nne. Tulifurahi jamani! Dada yangu alilia kwenye simu mpaka nikamwambia akate, asimalize salio. Siku hiyo hiyo Mama Pindo akashona gauni, kubwa kidogo, na mkanda wake nyuma kama kanuni inavyotaka.

Sasa, kwa mtoto wa miaka tisa lile fundo la mgongoni linapendeza kweli. Kwa msichana aliyenizidi mimi urefu ni kituko. Wakubwa wa la saba walimwita Mlingoti, wakamuuliza bendera ameiacha wapi. Alivumilia. Halafu jioni moja akavua gauni, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya cherehani.

"Mjomba, mimi na shule basi."

"Basi vipi?"

"Basi tu. Nitakaa hapa nimsaidie Anti kushona."

"Masomo yamekushinda?"

"Masomo nayapenda," akasema, na machozi yakamtoka. "Gauni ndilo limenishinda."

Nilipandwa na hasira, nikamgeukia mke wangu. "Si umshonee sketi? Fundi si wewe?"

"Nikimshonea sketi huyu, kesho akina mama wote wa la nne watakuja na vitambaa vyao. Niwaambie nini? Kwamba kanuni ni ya watoto wa wenzangu?"

"Mwanamke una kichwa kigumu wewe!"

"Ndicho ulichokioa," akanijibu, akazima taa ya cherehani.

Lakini namjua, roho ilikuwa inamuuma. Kesho yake akamfuata mwalimu mkuu, akamwomba sare ifuate umri, si darasa. Mwalimu mkuu akamwambia kwa upole kwamba akianza kuuliza kila mtoto umri wake langoni, watafundisha saa ngapi? Kanuni itabadilishwa na kikao cha wazazi, na kikao ni mwisho wa muhula. Kisha akamkumbusha aliyeileta kanuni yenyewe alikuwa nani.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," nikamtania aliporudi. Akaketi kwenye cherehani, akashona mpaka giza likaingia. Nikajua ni sketi. Nikasema moyoni, afadhali, amelainika.

Asubuhi nikasikia ananiita. "Hebu nifunge huu mkanda nyuma."

Nilipogeuka, loo! Mama Pindo, mwanamke wa miaka hamsini na ushee, mwili wa kujitosheleza, kavaa gauni la darasa la nne! Soksi nyeupe, viatu vyeusi, kila kitu.

"Mke wangu, umepatwa na nini?"

"Kanuni nimeitunga mimi, sijawahi kuivaa. Leo naivaa. Na yako ile pale."

Juu ya kiti palikuwa na kaptula.

"Thubutu! Mimi nina heshima zangu mtaani."

"Heshima gani, hata jina huna?"

Mpwa wangu akatokea jikoni na ufagio mkononi. Alitutazama, akaziba mdomo, ufagio ukamponyoka, akacheka mpaka akakaa chini. Tangu aje kwetu sikuwa nimemsikia akicheka vile.

"Unacheka nini?" Mama Pindo akamuuliza. "Vaa, tunachelewa."

"Anti, mtatoka hivyo?"

"Tutatoka hivyo leo, na kesho, na keshokutwa, mpaka hicho kikao."

Akavaa. Na mimi ningefanyaje? Nikavaa.

Niliona aibu, nasema kweli. Miguu yangu haijawahi kuwa kitu cha kuonyesha watu, na ile asubuhi ilikuwa na baridi. Muuza nyama aliacha kukata, akanipigia kelele: "Mume wa Mama Pindo! Umefaulu kuingia la nne?"

"Nimekariri darasa!" nikamjibu, na kidogo aibu ikapungua. Mama Pindo alitembea mbele kifua nje, akisalimia kila mtu. Mpwa wangu alikuja nyuma yetu, hatua kadhaa, macho chini.

Langoni ilikuwa vurugu tupu. Watoto walikimbia kutoka kila upande. Mwalimu mkuu alitoka ofisini, akavua miwani, akafuta machozi ya kicheko, halafu akasema kikao kiko palepale, mwisho wa muhula. Mama Pindo akamwambia hana haraka.

Kijana mmoja wa la saba, suruali ndefu imenyooka kwa pasi yangu mwenyewe, akasema kwa sauti ya kusikika: "Hivi hawa wazee vichekesho ni wa nani?"

Watoto wote wakageuka kumtazama mpwa wangu. Nilimwona anaangalia njia tuliyojia. Angeweza kuondoka, na nisingemlaumu. Mimi mwenyewe nilitamani kukimbia. Badala yake akasogea, akasimama nyuma ya mke wangu. Fundo la gauni lilikuwa limelegea njiani. Akalifungua, akalifunga upya, akalinyoosha vizuri pande zote mbili. Kisha akamgeukia yule kijana.

"Wangu," akasema. "Una neno?"

Kijana akajipenyeza katikati ya wenzake. Mpwa wangu akaenda kusimama kwenye mstari wa la nne.