Jabali la Saba

Shemeji yangu, fundi mawe tuliyemwita Patasi, hakusoma hata darasa moja, lakini aligonga jiwe mara moja akakuambia litapasukia wapi. Siku hizi mawe yanakatwa kwa mashine na watu waliojiziba masikio. Sikio la fundi limekosa kazi.

Ndiyo maana nilishangaa mtaalamu wa barafu za kale alipokuja kumtafuta. Milima yetu ni mikavu, hata umande ni wa kubahatisha. Mama huyu alisema zamani ilibeba barafu yenye kimo cha ghorofa kumi, na barafu ilipoyeyuka ikayaacha majabali juu ya tuta. Alitaka kujua ni lini, apate kuelewa hali ya hewa ilivyogeuka. Akamwomba Patasi abandue ganda la juu la kila jabali, unene wa vidole viwili. Miale ya angani hulitia jiwe alama polepole tangu lianze kutazama mbingu, na maabara huzisoma alama hizo kama umri.

Patasi alikubali kwa sababu yake mwenyewe. Mdogo wake alipotelea kwenye tuta lile miaka arobaini iliyopita, alipokuwa akichonga mawe huko na kikosi chetu. Msimamizi alisema ametorokea mjini. Mama yao alikufa akimuulizia kwa kila mgeni.

Kwenye jabali la saba Patasi aligonga, akainamisha sikio, akarudi nyuma.

"Hili silibandui, mama. Linalia ndani."

"Linalia, au ni uzee, babu?" mtaalamu akamtania, akalibandua mwenyewe.

Mimi niliyewabebea ndoo nilisimama mbali. Hapakuwa na upepo, lakini vumbi la jiwe lilitambaa likaingia chini ya jabali, kama linavutwa kwa pumzi.

Miezi minane baadaye mtaalamu alirudi na majibu, tukapanda tena sote watatu. Majabali sita yalikuwa na miaka elfu kumi na nane hivi. La saba, karibu sifuri.

"Upande huu haujaona mbingu hata miaka mia," alisema. "Kuna watu wamelipindua. Kwangu halifai tena."

Patasi akakaa chini. Mafundi wa zamani tulikuwa na desturi ambayo leo hakuna anayeijua. Fundi akifia kazini, wenzake walimzika palepale, wakalipindua juu yake jiwe alilokuwa akilichonga, ili asije mwingine akaimaliza kazi yake.

"Kumbe hakutoroka," alisema, kisha akanigeukia. "Jabali hili halisogei bila watu kadhaa wenye mitaimbo. Mlikuwa wangapi, shemeji?"

Msimamizi alituapisha tusitaje kifo kile, maana machimbo yangefungwa. Wenzangu wamekufa na kiapo chao.

"Wanne," nikasema.

Hakunitukana. Alilaza sikio juu ya jiwe, akanong'ona, akanyamaza kama mtu anayejibiwa, akanong'ona tena. Mtaalamu alikuwa ameanza kushuka. Mwishowe Patasi aliinua kichwa, uso mkavu kabisa.

"Anauliza kama mama yetu hajambo," alisema. "Mjibu wewe."