Shahidi Niliyemsalimu Makadara

Nilikuwa nimestaafu ukarani wa maghala ya Shimanzi nilipoajiriwa kuwa mkalimani wa wakili kutoka ng'ambo. Mwanamke huyo alikuwa ametumia miaka mingi kuwashtaki wakubwa wanaoamuru raia wauawe vitani. Safari hii alichunguza mauaji ya kijiji kimoja katika nchi jirani. Shahidi wake mkuu, mjane, alikuwa amekimbilia mtaa wa Bondeni, mjini kwetu, kwa shemeji yake. Shemeji hakuambiwa lolote kuhusu ushahidi huo, maana alikuwa na jamaa katika jeshi la kamanda aliyetuhumiwa kuamuru mauaji hayo.

Wakili alinipa sharti moja: "Ukikutana naye njiani, humjui."

Asubuhi moja nilitoka duka la vitambaa Makadara, nikakutana uso kwa uso na mjane na shemeji yake. Mimi nimelelewa Mji wa Kale. Mtu uliyeketi naye siku nzima ukitafsiri msiba wake humpiti kama nguzo ya umeme. Ulimi ukatangulia.

"Sabalkheri, mama. Watoto hawajambo?"

Mjane akainamisha kichwa.

"Mzee, huyu wamjua wapi?" shemeji akauliza. "Hatoki nyumbani, wala hana mtu hapa."

"Nimemfananisha na binti wa jirani."

"Na huyo binti wa jirani pia ana watoto?"

"Anao."

"Wazee wa mji huu bwana, kila mjane kwenu ni binti wa jirani."

Alicheka, lakini macho yake yalinipima toka viatu hadi kofia.

Nilikwenda msikitini, nikakaa na simu mkononi. Kumwambia wakili kulikuwa kupoteza kazi, na zaidi ya kazi, heshima. Nilijidanganya kwamba yule mtu ameshasahau. Nilimpigia wakili baada ya sala ya alasiri.

Hakunigombeza. Aliuliza tulivyosemezana, neno kwa neno.

"Hayo yalitokea saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Na sasa ni alasiri. Basi usipite Bondeni tena," akasema, akakata simu. Sikuitwa kazini tena.

Kesi ilipoanza kusikilizwa niliifuata kwenye simu. Mashahidi walifichwa nyuma ya pazia na sauti zao zikabadilishwa. Mmoja alieleza habari za kijiji kile. Nilisogeza simu sikioni nikitafuta namna yule mama alivyokuwa akivuta pumzi kabla ya kumtaja mumewe. Sikuisikia. Huenda mtambo wa kubadili sauti uliiondoa. Kumuuliza wakili siwezi, kwa kuwa hata kama mama yule yu hai, mimi ni wa mwisho kustahili kuambiwa aliko.