Kuvu kwenye Kibuyu cha Pombe

Naona aibu kusimulia, ila kwa kuwa mtaa wetu wote wa Mwankoko wanaujua mkasa huu, bora muusikie kwangu kabla haujatiwa chumvi (tayari wameshautia).

Mimi ni mhudumu wa afya wa mtaa, na siku hiyo nilikabidhiwa dawa ya kujaribu kwenye lile shimo kubwa la udongo wa matofali, linalotuzalishia mbu mpaka watoto wanalala wakijikuna. Dawa yenyewe imetolewa kwenye kuvu, jamaa ya ukungu tunaoufukuza kwenye mahindi, na inaua viluwiluwi vya mbu bila sumu za dukani. Shimo ni la Mzee Njiku, ng'ombe wake wanakunywa humo, na akikataa yeye basi tena. Sasa mimi kwa ujanja wangu nikaona dumu la plastiki litamtisha, nikaimimina dawa kwenye kibuyu cha pombe cha mama mkwe, kile chenye shanga, ili ionekane kitu cha nyumbani.

Nikafika, watu wamejaa, nikamwamkia mzee shikamoo, nikahutubia kama mgombea kwamba hii haimdhuru mtu wala ng'ombe. Mzee akakitazama kibuyu, akanitazama mimi.

"Mwanangu, kwetu aliyeleta kibuyu ndiye anayeonja kwanza."

Nikaeleza kuwa hii si ya kunywa, ni ya viluwiluwi, naye akajibu kwa upole kwamba hata ng'ombe wake si viluwiluwi. Watu wakacheka, nami (kiburi hicho) nikaamua kujifanya naonja, nikakiinua kibuyu, nikarudi nyuma hatua moja ili wasione vizuri, kumbe nyuma yangu hakuna ardhi. Niliingia shimoni mzimamzima, na kibuyu, na kanga, na hotuba yangu. Dawa yote ikamwagikia majini, nami nikatoka na tope mpaka masikioni, na wa kwanza kucheka alikuwa mama mkwe.

Siku tatu sikutoka nje. Ya nne Mzee Njiku akapiga hodi, nikajua nimeua ng'ombe. Akaketi, akasema ng'ombe wamekunywa, wazima, na shimoni hakuna kiluwiluwi hata kimoja. Nililia kwa furaha. Kisha akakohoa kidogo.

"Majirani nao wanaitaka. Wanauliza, kwao utatumbukia lini?"

Nimewaeleza mpaka sauti imekauka kwamba dawa inafanya kazi bila mimi, hawataki kusikia. Basi nimeapa, dawa na kibuyu havitakutana tena mkononi mwangu. Kuhusu kutumbukia siwezi kuapa, bado yamebaki mashimo mawili.