Paa la Mpira la Wubbe Haitsema

Wubbe Haitsema ametengeneza baiskeli za mji wa Winschoten tangu mimi nikiwa msichana, na mpaka leo sijamwona akitupa kitu. Tyubu ikichoka anaikata viraka. Kiraka kikichoka anakibandika mlangoni ili mlango usigonge. Mwaka aliojenga kibanda cha baiskeli nyuma ya nyumba, mafundi walipomaliza juu wakakaa kusubiri bia yao ya paa, kama ilivyo desturi. Wubbe akawaambia bia ile ni ya paa la vigae, na hili lake halina kigae hata kimoja. Mafundi hawakubishana naye. Mahali ambapo husimamishwa bendera paa likiisha wakasimamisha ufagio, alama ya mwenye nyumba bahili, ukakaa juu pale mtaa mzima ukiutazama. Wubbe hakuona haya. Baada ya wiki aliushusha, akaanza kufagilia duka lake.

Mimi ni Trientje, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Ufunguo wao uko kwangu na wangu uko kwao, na kupitia ukuta ule nimesikia kicheko cha Geessien, mkewe, kwa zaidi ya miaka thelathini. Dukani Wubbe alishughulika na baiskeli, Geessien akashughulika na watu. Bila yeye wateja wangeshakimbia zamani, maana Wubbe akiletewa baiskeli chafu alikuwa anaanza kwa kumgombeza mwenye nayo.

Jambo moja mtaa wote ulilijua juu yao: hawalali mbalimbali. Watoto wote wawili Geessien aliwazaa kitandani mwao, chumba cha juu, Wubbe akiwa amekaa upande wake wa kitanda kama mtu anayesubiri basi. Kaka yake Wubbe aliyeko Kanada alipomwita harusini, na daktari wa masikio akamkataza Geessien kupanda ndege, Wubbe hakwenda. Kaka alinuna miaka mingi. Wubbe alisema harusi si yake.

Novemba iliyopita Geessien alikuwa anamenya viazi, kisu kikamponyoka. Kiharusi. Kilichukua mguu wa kushoto na sehemu ya mkono, maneno kikamwachia, ingawa siku hizi yanatoka polepole. Wakampeleka kituo cha mazoezi, na huko wakasema wazi: nyumbani atarudi kama kuna chumba cha kulala na bafu chini. La sivyo, ni nyumba ya wazee. Wala hawakukosea. Ngazi za nyumba zetu zimesimama wima, hata mtu mzima wa afya anashuka kinyumenyume.

Basi ikaamuliwa chumba kiongezwe nyuma, upande wa bustani, chini ya dirisha la chumba chao cha kulala. Na kwa kuwa dirisha liko juu yake, paa halikuwa na budi kuwa bapa.

Januari akaja Eltjo, fundi wa mapaa, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Nilikuwa pale kwa sababu kahawa niliipika mimi. Wubbe kahawa yake ni maji yaliyopakwa rangi. Eltjo akatandaza sampuli zake mezani.

"Hii ya kwanza ni karatasi ya lami, mzee. Tunaichoma kwa moto, inashika. Wengi wanaweka hii. Hii ya pili ni mpira, shiti moja zima, halina kiungo. Na hii ya tatu ni ya kina mama."

Akafunua trei ya mimea mifupi, minene, imebanana kama zulia.

"Inatoa maua?" nikamuuliza.

"Kuanzia Juni. Manjano, mengine meupe. Nyuki wanakuja."

"Basi tumemaliza."

"Umemaliza nini wewe?" akasema Wubbe. "Paa la kwako?"

"Macho ni ya kwangu. Dirisha langu liko hapo kando. Kila nikiamka nitakuwa naliangalia."

"Funga pazia, jirani."

Akauchukua ule mpira, akaunusa, akauvuta, akaukunja na kuukunjua. Nilijua tumeshindwa. "Huu namwelewa," akasema, kana kwamba ni mtu. "Mpira ukitoboka unakuonyesha umetobokea wapi. Unasafisha, unaweka kiraka, yamekwisha. Hiyo mimea yako ikivuja utaanzia wapi? Utaing'oa yote?"

"Kwa hiyo mkeo alale chini ya tyubu," nikamwambia.

"Atalala pakavu."

Jumapili tukaenda kituoni kwa gari langu. Geessien alikuwa dirishani, nywele zimechanwa, na magotini ana karatasi aliyochora chumba kwa mkono wa kulia: kitanda, meza, njia ya kiti cha magurudumu, mlango wa bustani. Wubbe akamwekea kipande cha mpira juu ya goti. Geessien akakisukuma.

"Weka mimea," akasema, maana nilikuwa nimeshamsimulia kwa simu.

"Mimea ya nini? Utakuwa chini yake, hutaiona."

"Wewe utaiona."

"Mimi?"

"Asubuhi. Ukifungua pazia." Akapumzika kidogo, akaendelea. "Utakuwa peke yako huko juu, Wubbe. Sitaki uamkie kitu cheusi."

Wubbe akaichukua ile karatasi, akaigeuza huku na huku. "Kitanda changu kiko wapi hapa?"

"Kiko pale kilipo siku zote. Juu."

"Hapa umechora kimoja."

"Chumba ni cha mtu mmoja. Usiku wauguzi watakuja kunigeuza, taa zitawashwa. Na dawa hizi zinanikoromesha. Una miaka sabini na sita. Ulale, mwanamume wewe, dukani usije ukajikata vidole."

Nikajifanya namwagilia ua lililokuwa mezani, na lilikuwa la plastiki. Iliniuma. Kumbe mimea ile niliyoipigania kwa ajili ya macho yangu, yeye alikuwa anampa mumewe iwe badala yake. Wubbe alitia kipande cha mpira mfukoni mwa koti, akamfunga Geessien kifungo cha sweta kilichokuwa kimefunguka, tukaondoka. Njiani kauli yake ilikuwa moja tu, kwamba naendesha kasi.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nikamwona bustanini amepiga magoti na chaki mkononi. Alikuwa amefuta theluji kwenye mawe ya sakafu na kuchora chumba chote kwa ukubwa wake, kuta, mlango, kila kitu. Ndani yake vitanda viwili, kimoja cha wagonjwa na kimoja chake, vimegusana.

"Jirani," akaniita, "njoo uwe muuguzi."

"Niwe nini?"

"Muuguzi. Pita hapa kama unakuja kumgeuza."

Nikavaa koti, nikapita. Nilikanyaga ukuta. Akanipa kiti changu mwenyewe cha ofisini, chenye magurudumu, ambacho alikuwa amekitoa nyumbani kwangu bila kuniuliza, akaniambia nikisukume kutoka mlangoni mpaka kitandani. Kikakwaruza mguu wa kitanda chake, yaani chaki. Akafuta, akasogeza, tukaanza tena. Bi Kloosterman wa nyumba ya nyuma alikuwa dirishani kwake anatutazama kwa raha zote. Tulijaribu kwa kila njia. Chumba kilikuwa chembamba, na mwishowe Wubbe akafuta ukuta mmoja kwa kiganja, akauchora upya mbali zaidi, kwenye mawe ya mwisho kando ya ukoka.

"Sasa pita."

Nikapita bila kugusa kitu.

Eltjo alipokuja kuuona mchoro ule alishika kiuno. "Ninaweza kukupanulia, mzee. Lakini mimea sahau."

"Kwa nini?" nikauliza mimi.

"Mama, mimea ikinywa mvua inakuwa mzigo. Kwa chumba chembamba boriti zangu zinaubeba. Kwa upana huu zinabeba mpira na theluji, zaidi ya hapo hapana. Nikiweka boriti nene zaidi, paa linapita kizingiti cha dirisha la juu, maji yanaingia chumbani. Nikiweka chuma, nichimbe msingi mwingine, na hiyo ni kazi ya mpaka kiangazi."

Mpaka kiangazi kituo kisingemweka. Walishaanza kututajia nyumba za wazee kwa majina.

"Lami je?" akauliza Wubbe.

"Lami inawezekana. Mpira ni mwepesi zaidi."

"Basi mpira," akasema Wubbe. "Upana huu."

"Huyo mkeo hajakubali," nikamkumbusha.

"Najua."

Jumapili nyingine akavaa koti lake la kanisani. Nilitaka kubaki nje ya chumba, lakini Geessien alinionyesha kiti, na mtu mgonjwa habishiwi. Wubbe akabaki amesimama.

"Paa nimeshachagua," akasema. "La mpira."

Uso wa Geessien ukaanguka hata upande ule usioguswa na kiharusi. "Nilikuomba kitu kimoja," akasema.

"Ulisema hutaki niangalie kitu cheusi."

"Ndiyo."

"Sitakiangalia."

"Utafanyaje usikiangalie? Utashinda umefunga pazia?"

Akamwekea magotini karatasi yake mwenyewe. Wubbe hajui kuchora. Vitanda vilikuwa visanduku viwili vilivyobanana, na katika kila kimoja alikuwa ameandika herufi, W na G, W ikiwa upande wa mlango kama ilivyo kule juu. Geessien akaigusa ile W kwa kidole.

"Hutalala," akasema. "Watakuamsha kila usiku."

"Waniamshe."

"Nakoroma, Wubbe. Nakoroma kweli."

"Tangu kiharusi sijalala vizuri usiku hata mmoja," akasema. "Kule juu kimya kimezidi. Nasikia friji ya Trientje."

Friji yangu haina kelele, lakini nilinyamaza. Geessien alikuwa analia kwa jicho moja zaidi ya jingine. Akajipangusa kwa mkono ulio mzima.

"Na hilo paa," akasema, "sasa litaangaliwa na nani?"

"Hakuna mtu wa kuliangalia."

"Trientje," akasema Geessien. "Maskini Trientje." Na akacheka, kile kicheko nilichokuwa nakisikia ukutani, ingawa sasa kimepinda kidogo.

Aprili Geessien alirudi nyumbani. Chumba ni kikavu, hilo nakubali. Wauguzi wanasema njia inatosha, na mmoja ananiambia kila akiingia usiku kumgeuza Geessien, mzee anasogea bila kuamka, kama aliyefundishwa. Lakini paa lenyewe ni baya. Katikati maji yanatuama kidogo, kunguru wanakuja kuoga, na jua likitoka linameta jeusi moja kwa moja machoni mwangu wakati nachana nywele.

Juni, mwezi ambao maua ya manjano yangekuwa yamechanua, nilimkuta Wubbe dukani anatia upepo gurudumu, nikaamua kumpasha.

"Wubbe, paa lako linanichefua. Kila siku nakunywa kahawa huku naangalia ziwa jeusi lenye kunguru."

Akaendelea na pampu yake. Kisha akasimama.

"Kuna kunguru?"

"Wanne. Usiniambie hujawaona."

"Nitawaonea wapi?" akasema Wubbe.