Sijali Kwenye Kamba

Juzi niliingia dukani kununua misumari, nikakutana na harufu ya kamba ya katani iliyolowa. Ilikuwa imeviringishwa sakafuni karibu na mlango, mvua ikiirukia. Ni harufu nzito, kama ya majani yaliyoanza kuoza. Nilisimama pale mpaka muuzaji akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimemkumbuka mbwa.

Baba yangu alifariki kwa homa ya mapafu, mvua zikiwa zinaishia, kijijini kwetu upande wa Mnero. Nilikuwa na miaka kama kumi. Nakumbuka watu walivyojaa uani, nakumbuka ugali wa mtama waliotupikia, lakini sikumbuki kulia. Mama naye, baada ya matanga, alinyamaza. Alipika, aliteka maji, alifagia, na akiulizwa jambo alijibu kwa kichwa. Mimi nilikuwa kama mtu anayesikia mazungumzo ya nyumba ya jirani.

Baba alituachia mbwa wa rangi ya udongo aliyeitwa Sijali, mlinzi wa shamba letu dhidi ya nguruwe pori. Jina alimpa baba mwenyewe, ili jirani akija kulalamika apate jibu kabla hajamaliza. Sijali hakuwahi kufungwa maishani mwake.

Kisha zikaja habari za kichaa cha mbwa kutoka Marambo. Jumbe akatangaza kwamba mbwa wote wapelekwe kwa bwana mifugo kuchomwa sindano, wakiwa kwenye kamba. Mbwa atakayezurura au asiyeshikika atapigwa risasi. Jioni ile Mjomba Hilari, kaka yake mama, alifika na kamba ya katani begani. Aliwahi kufanya kazi Nachingwea, kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, na kazi yake ilikuwa kumtembeza mbwa wa bwana mkubwa mmoja. Watu walimcheka sana kwa kazi hiyo. Wiki ile walikuwa wanapiga hodi kwake tangu alfajiri.

“Huyu utamfundisha wewe, Felista,” aliniambia.

“Kwa nini mimi, mjomba?”

“Wengine wote wana haraka. Akivuta, simama. Usimvute, usimpige, usimwambie kitu. Kamba ikilegea, mnaendelea. Basi.”

Siku ya kwanza Sijali alirukaruka, akajitupa chini, akaitafuna kamba. Kila alipoinuka alivuta upande mmoja tu, njia ya shambani kwa baba. Nilisimama. Asubuhi nzima hatukufika hata kwenye mkorosho wa kwanza, ambako kuku wetu walikuwa wakienda na kurudi bila kufikiria. Bibi Zuhura, jirani yetu, alipita kwa mbali akiwa ameshika kanga yake isiguswe na mate ya mbwa.

“Mjukuu wangu, hapo nani kamfunga mwenzake?”

Nilijua ni jambo la kuchekesha. Sikucheka. Viganja vyangu vilichubuka, nikaitazama damu kama kitu cha mtu mwingine. Mjomba alinipaka mafuta ya nyonyo, na kesho yake nikasimama tena. Mtoto mwenye hamu ya kwenda kucheza asingeweza kazi ile. Mimi sikuwa na hamu ya kwenda popote. Mwishowe asubuhi moja Sijali aligeuka, akanitazama, akarudi kukaa juu ya mguu wangu. Kamba ililegea. Tukaenda mpaka kisimani na kurudi, taratibu, kama wazee wawili.

Siku ya sindano mbwa walipangwa uwanjani kwa jumbe, wakibweka hadi watu wakawa wanaongea kwa mikono. Mbele yetu mbwa mweusi mkubwa alimponyoka bwana wake, akakimbilia watu. Askari akafyatua bunduki, yule mbwa akaanguka. Sijali alijitupa mbele kwa nguvu hata nikahisi bega linang’oka. Askari akageuka, akaitazama kamba yangu iliyokaza, bunduki ikiwa bado mkononi. Nilisimama. Sijali alitetemeka mwili mzima, kisha akarudi nyuma mpaka akaegemea goti langu.

“Mlete huyo,” alisema bwana mifugo. Alipomaliza kumchoma akawaambia watu, “Mmeona mtoto jasiri?”

Tulipofika nyumbani mama alikuwa amesimama njiani.

“Amechomwa?”

“Amechomwa, mama.”

Aliichukua kamba mkononi mwangu. Yeye hakuwa amefundishwa kusimama. Sijali alivuta, naye akamfuata, mwanzo kwa kutembea, baadaye mbio, kanga ikimwanguka, hadi shambani kwa baba ambako hakuna aliyekanyaga tangu mazishi. Magugu yalikuwa yameufunika muhogo. Mama alikaa humo akalia kwa sauti, na Sijali akazunguka akinusa kila tuta. Mimi niliiokota kanga, nikaikung’uta, nikasubiri.

Kwa miaka mingi baada ya hapo niliitwa Felista mtulivu. Nilisifiwa hivyo shuleni, hata siku ya harusi yangu, nami nikaamini ndivyo nilivyoumbwa. Nilikuwa mama wa watoto watatu siku nilipokuwa napepeta ufuta, jirani akapita na kuniuliza tu, katika kusalimiana, baba yangu alikuwa nani. Nilifungua mdomo kumtajia jina. Halikutoka. Ungo ulinidondoka, nikaketi chini kwenye ufuta uliomwagika nikalia, na watoto wakaja mbio kuona mama yao amefanya nini.