Utepe Mwekundu Kwenye Duara la Boaz

"Fungua!" Boaz alipiga meza hadi maharage yakaruka sahanini. "Fungua vitambaa vyako leo hii, mama. George yuko pale duarani, mdomoni mwa shimo, na panga, anangoja neno langu tu. Atafyeka majani yako yote, mpaka hata mjusi akose kivuli."

"Ni utepe tu, Boaz," Scolastika akasema. "Nimeununua dukani kwa Khairunisa, hapo Runzewe."

"Mwekundu?"

Swali lile lilikuwa na meno.

"Wa bluu ulikuwa umekwisha."

Ghati, mwenye mgahawa, akaacha kusonga ugali akacheka kwa pua. "Mtoto wa Maige, mzaliwa wa Ushirombo, anafunga chekundu kwenye duara la watu! Mgeni tungemsamehe. Wewe, mayu, mama mzima, ulikuwa umelala?"

Huku machimboni hata mtoto wa kunyonya anajua kwamba shimo likifungwa kitambaa chekundu, mfumu wa mtu, mganga na dawa zake, amepita hapo, na dhahabu imeshuka chini kukaa na wazee. Na kweli, tangu utepe ule ufungwe, mawe ya Boaz yakipelekwa kwenye karasha kusagwa yalitoa unga mtupu, ungedhani ni dona.

Scolastika yeye alikuwa mtu wa mangaga, yale majani ya penye unyevu, yasiyo na ua wala mbegu. Yana vumbi la kahawia chini ya jani, basi, na vumbi hilo ndilo uzazi wake. Utotoni baba yake alimtuma achunge ng'ombe, ng'ombe wakamchunga yeye: jioni walirudi wamemtanguliza mbele, yeye bado anageuza jani mkononi. Akasoma mpaka chuo kikuu, akarudi na lenzi shingoni na viatu visivyofanana. Kuna duara alishuka, refu hilo, alipofika chini akasikia watu wa upande wa pili wa dunia wanapika, na harufu ya vitunguu vyao akapanda nayo.

Nchi yenyewe kavu. Mangaga yalipokosa msitu yakahamia midomoni mwa maduara, na Scolastika akahama nayo. Alitaka kujua lipi linavumilia maji ya zebaki, lipi linakauka, na lipi halipatikani kwingine. Ndiyo maana ya utepe: bila alama angelijuaje alilolipima mwaka jana?

Na ubavuni mwa duara la Boaz lilikuwepo moja, peke yake, ambalo hakuwahi kuliona popote. Vumbi lake lilikuwa bado bichi. Likikatwa sasa, limekwenda na kizazi chake.

"Nitafungua mwenyewe," alisema. "Utepe wote, mbele ya vijana wako. Mfumu mkimtaka aje, animwagie dawa yake mpaka nilowe."

"Hutayajua tena majani yako," Ghati akasema, safari hii bila kucheka.

"Nitaanza upya. Ila lile moja lisiguswe mpaka vumbi likomae. Mvua hizi zikiisha, basi."

Boaz alisukuma sahani. Vijana wake wawili walishakimbilia Songwa kutafuta almasi, na waliobaki walikuwa wakimtazama kwa jicho la kuaga.

"Ukifungua, na mawe yakaendelea kuwa unga?"

"Hapo ukate. Nitakushikia panga."

"Unaapa?"

"Kwa mama yangu."

Boaz alijikuna ndevu, akamtazama Ghati. Ghati akainua mabega: mgahawa wake ulikula kwa duara lile lile.

"Mwanamke huyu hajawahi kutuibia hata jiwe," Ghati akasema. "Mpe hizo mvua."

"Haya," Boaz akasema, akiinuka. "Twende ukafungue. Na lile jani lako moja nitamwambia George asi—"

Turubai la mlangoni likainuliwa. George akaingia, suruali imelowa magotini, panga limeganda ukijani mpaka kwenye mpini.

"Shikamoo, mama," alimwambia Scolastika kwa adabu, akavuta kigoda. "Bosi, nimeona unachelewa, nikamaliza. Mdomo wa duara sasa ni mweupe kama kiganja. Ghati, chai ipo?"